Uso wa Shangazi Dieuwer

Haarlem, 12 Oktoba 1641

Shangazi Dieuwer, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa dukani na kisanduku cha makaa chini ya miguu, na kuna mtu unamgombeza. Mimi sijambo. Huku mvua haikatiki. Wafua vitambaa wamekwisha kuvikusanya vitambaa vyao vyote kutoka kwenye majani walikovianika viwe vyeupe, na sasa hawana kazi ila kunywa bia na kuimba vibaya chini ya dirisha letu. Mwalimu wangu, Bwana Evert, anakusalimu sana. Mkewe amejifungua tena mtoto wa kike, na anasema huyu ndiye wa mwisho, kama alivyosema kwa yule aliyetangulia.

Sasa la moyoni. Wazee wa chama cha wachoraji wamenikataa.

Nisikilize kabla hujawatukana. Niliwapelekea nyuso zangu za wino: mlevi anayecheka, mzee anayelia, bibi aliyeshikwa na hofu, na nyingine. Mzee Govert, yule mwenye shingo ndefu, alizitandaza mezani akazitazama, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Binti, hebu cheka." Nikacheka. Akasema, "Haya, lia." Nikajitia kulia. Wenzake wote wakaangua kicheko. Akaniambia, "Huyu mlevi ni wewe umeota ndevu. Huyu bibi ni wewe umeng'olewa meno. Hata tabasamu wanalipinda upande mmoja, upande wako. Umetuletea ukoo mzima wa Hillegond."

Nilitamani ardhi ipasuke. Na ubaya wake ni kwamba amesema kweli. Katika karakana zetu hivyo ndivyo tunavyofundishwa: unasimama mbele ya kioo, unanuna, unakenua meno, unakunja ndita, halafu unachora unachokiona. Nimefanya hivyo miaka yote hii mpaka pua yangu imehamia kwenye nyuso za watu.

Wamenipa nafasi moja tu. Jumatano baada ya Pasaka niwapelekee uso mmoja wa wino, uso wa mtu mwingine, wenye hisia ambayo hakukodiwa kuionyesha. Wakikubali, nitakuwa mwanachama, nitaweka kibao changu mlangoni. Wakikataa, basi. Bwana Evert anahamia Uingereza mwezi wa Mei, na bila yeye na bila chama sina ruhusa ya kuuza mjini hapa hata mchoro wa paka. Nitarudi Hoorn kuuza jibini nawe. Jibini si mbaya, Shangazi. Lakini unajua.

Kwa hiyo naomba uso wako. Sijaona mtu anayekasirika kama wewe. Hukasirika mpaka masikio. Nije sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, mwanzoni mwa Desemba?

Mimi binti wa kaka yako,
Hillegond


Hoorn, 3 Novemba 1641

Hillegond, marahaba.

Barua imefika, imelowa, lakini inasomeka. Mimi mzima, duka zima, paka ameiba kipande cha jibini ya jira na nimemsamehe kwa sababu hakuna mwingine anayenisikiliza. Teuntje wa jirani bado anaazima sufuria yangu na bado anairudisha inanuka vitunguu. Sijbrant mtengeneza kamba ameoa hatimaye. Mama yake alikuja kunipa habari kwa uso wa huruma, eti nisikitike kwa niaba yako. Nikamwambia binti yetu ameolewa na chupa ya wino, na chupa haikoromi.

Hao wazee wana macho, usinune. Tangu ulipokuwa mdogo ulikuwa unabinua midomo juu ya ndoo ya maji mpaka watu wanakosa maji ya kunywa. Mtu akijitazama kutwa, ataona nini zaidi ya nafsi yake? Njoo sikukuu ya Nikolasi. Nitamwita Klaas muuza samaki nimwambie heringi zake zimeoza, naye atanijibu, nami nitamjibu, na wewe kaa kwenye kona uchore. Utapata hasira ya kujaza karatasi zako zote na nyingine itabaki.

Lakini jambo moja ulishike. Ukija, uje kuchora. Habari za kurudi kuuza jibini sizitaki nyumbani kwangu. Bahari ilipomchukua kaka yangu, nilikuchukua wewe nikiwa sina hata kitanda cha pili, na nikaapa kwamba utakuwa na kitu chako mwenyewe ambacho mume hawezi kukuachia wala kukunyang'anya. Sikukulea uje ukate jibini nyuma yangu ukisubiri nife.

Leta soksi nene. Chumba cha juu kina baridi kama zamani.

Shangazi yako,
Dieuwer


Hoorn, 28 Novemba 1641

Kwa Binti Hillegond Joris, katika mji wa Haarlem.

Kwa heshima na taadhima, ninapenda kukuarifu kwamba mimi shangazi yako ni mwenye afya njema kwa rehema za Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, kutokana na sababu zisizoweza kuepukika, ziara yako iliyokusudiwa kufanyika katika sikukuu ijayo haitawezekana. Njia zimeharibika kwa barafu. Aidha, kuna homa katika mtaa wetu, na chumba cha juu kinapakwa chokaa.

Unashauriwa kutafuta uso mwingine unaofaa miongoni mwa wakazi wa Haarlem, ambao bila shaka ni wengi.

Wako katika utumishi,
Dieuwer Pieters


Haarlem, 20 Desemba 1641

Shangazi, shikamoo. Na huyo mwenye utumishi, sijui nani, shikamoo yake pia.

Ni nani aliyeandika ile barua? Tangu lini wewe ukasema "aidha"? Nimeisoma kwa sauti mezani na Bwana Evert akauliza kama nina kesi mahakamani. Huo mwandiko naujua, ni wa Mwalimu Pouwels wa shule, aliyekuwa akinichapa kwa rula. Mkono wako una nini? Na nani anapaka chokaa Novemba, wakati haikauki?

Nimefanya ulivyoshauri, au alivyoshauri Mwalimu Pouwels. Nimetafuta nyuso. Yuko mzee mmoja sokoni auzaye mikunga, wale samaki kama nyoka, nilimwomba aketi akasema atalia vizuri akipewa bia kwanza. Alipokwisha kunywa akawa na furaha kubwa na hakuna la kumliza. Nikamwambia amfikirie marehemu mkewe, ndipo akacheka kabisa.

Baadaye mke wa mwoka mikate alikubali. Huyo alikuwa na huzuni ya kweli, mwanawe ameingia jeshini bila kuaga. Machozi yalimtoka yenyewe, nami nikachora haraka. Lakini wajua wino wetu huu wa vinundu vya mwaloni na chuma: ukiuweka karatasini ni mweupe kama supu ya mgonjwa, halafu siku baada ya siku unazidi kuwa mweusi. Chumba kilikuwa na baridi, wino ukachelewa kuiva, nami kwa papara nikaona uso umefifia, nikarudia mistari. Nikarudia tena. Wiki iliyofuata nikatoa karatasi, mama wa watu ana nyusi za mfagia mabomba ya moshi. Huzuni yote imegeuka kuwa mtu anayetaka kupigana. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Alipokuja kuiona akafunga mlango wangu kwa kishindo, na sasa mikate tunanunua mtaa wa pili.

Shangazi, sina uso. Pasaka inakuja. Nitakuja barafu ikiwa nene ya kupita sleji inayokokotwa na farasi, na homa siiogopi. Ila kwanza niandikie mstari mmoja kwa mkono wako mwenyewe. Mmoja tu, hata wa matusi.

Hillegond


Hoorn, 15 Januari 1642

Hillegond, marahaba.

Mimi mzima. Usije. Mwaka mpya umeingia vizuri, tulikula supu ya njegere na masikio ya nguruwe. Mkono wangu una baridi yabisi kidogo ndiyo maana siandiki. Mwalimu Pouwels amekwenda Enkhuizen kumzika mama yake, kwa hiyo anayeandika ni Teuntje, na ole wake akiongeza neno. Uso utaupata huko huko. Usije.

Hayo juu ndiyo maneno yake. Haya sasa ni yangu mimi Teuntje, nami nakaa dirishani nimempa mgongo, anadhani bado naandika habari za supu. Hille mwanangu, shangazi yako aliangushwa na kiharusi siku chache baada ya kukuandikia ile barua ya mwisho kwa mkono wake. Upande wote wa kulia. Mkono haushiki, mguu unaburuta, na uso, mwanangu, upande mmoja umeporomoka, jicho linachuruzika, mdomo unaning'inia. Akila anageukia ukutani. Hatoki nje, hata kanisani. Anajifunika mtandio nusu ya uso hata akiwa peke yake na paka. Duka nalifungua mimi asubuhi na binti yangu jioni. Anauliza mbona kalamu inakwaruza sana kwa habari ya supu, nimemwambia naeleza masikio yalivyopikwa.

Alituapisha tusikwambie. Anasema ukijua utaacha kila kitu urudi, na Haarlem ndiyo basi tena. Mimi nimevunja kiapo, Mungu atanielewa, nina watoto pia. Nafunga bahasha kabla hajaiomba. Sufuria nitairudisha.


Haarlem, 2 Februari 1642

Shangazi,

Najua. Usimgombeze aliyeniambia.

Nimemwambia Bwana Evert kwamba naondoka. Sanduku nimelifunga. Chama kina wachoraji wa kutosha, na wewe una mimi tu. Barafu imeshika mpaka Amsterdam, nitapata sleji. Nitafungua duka, nitakukatia chakula, nitalala chumba cha juu. Usiniandikie kunikataza kwa sababu barua haitanikuta.

Hillegond


Haarlem, 4 Machi 1642

Shangazi, shikamoo.

Nimefika salama kule uliponirudisha. Natumaini unaendelea vizuri, na kwamba binti wa Teuntje anafuata niliyomwonyesha ya kukukanda mkono kwa maji ya moto. Mke wa Bwana Evert anakusalimu. Mtoto ana jino.

Nina hasira nawe na nitasema. Nilikuja na sanduku langu, nimetetemeka njia nzima, na wewe hukunipa hata nafasi ya kuvua viatu. Ulikaa kwenye kiti chako umenigeuzia upande wa kushoto, mtandio umeushikilia kwa jino, ukaniuliza, "Umekuja kufanya nini?" Nikasema nimekuja kukutunza. Ukasema, na maneno yalikuwa yakikutoka kwa shida, lakini niliyasikia yote: "Mimi nina jirani. Wewe una Jumatano moja. Usinifanye mimi kisingizio cha kushindwa kwako." Nikakwambia basi nikuchore, nipate vyote viwili. Ndipo uliposimama. Sikujua kama unaweza kusimama. Mtandio ukaanguka, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja nikakuona.

Ukapiga kelele, "Toka! Sitatundikwa ukutani wauza nguo wa Haarlem wanicheke!"

Nikatoka. Teuntje akanilaza kwake, na asubuhi ulinitumia sanduku langu barazani.

Sasa sikiliza. Katika sleji, vidole vimekufa ganzi, nilitoa unyoya na karatasi, na wino niliuweka kwapani usigande. Nikauchora uso ule kwa kumbukumbu. Shangazi, hauna hata chembe yangu. Pua ni yako. Hasira ni yako. Sijawahi kuchora kitu kama hiki, na Bwana Evert alikipeleka dirishani kukitazama vizuri.

Huu ndio uso wa kupeleka kwa wazee, sina mwingine na sitapata mwingine. Lakini sikuuomba, niliuiba. Kwa hiyo nakutumia karatasi yenyewe, na nakala sikubakiza. Ukitaka kuichoma, ichome. Ukitaka iende, nirudishie kabla ya Pasaka kwa mkono wa mtu unayemwamini. Bila neno lako sipeleki kitu, na Jumatano ipite.

Umenikatalia kukutunza. Hili huwezi kunikatalia, kukuuliza.

Hillegond


Hoorn, 22 Machi 1642

Hillegond.

Naandika mwenyewe. Mkono wa kushoto. Usicheke mwandiko. Nimejifunza kwa chaki juu ya meza ya jibini, nilipoanza Teuntje alidhani ni kuku amepita.

Nimepata karatasi yako. Niliiweka kifudifudi chini ya mizani, sikutaka kuiona. Halafu nikaiona.

Umesema uongo.

Mdomo haukuporomoka hivi kidogo. Jicho umelifungua. Umenipa shavu. Nilimwambia Teuntje alete kioo kile cha mama, nilichokigeuza ukutani tangu siku ile. Alilia yeye. Mimi sikulia. Nilikitazama kioo, nikaitazama karatasi, nikarudi kwenye kioo, mpaka makaa yakazimika. Upande wa kushoto umenipata, huyo ni mimi hasa, hata Klaas angekimbia. Lakini upande wa kulia umenionea huruma. Umenichora kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. Wale wazee walikwambia unachora uso wako. Safari hii umechora huruma yako, na hiyo nayo ni wewe.

Nilipotambua hivyo nilikasirika kuliko siku ile ya mtandio. Nilijificha ili mtu asinione nilivyo. Nawe ulinitazama ukaniona nusu. Basi nani ataniona? Nife bila mtu kuniona?

Njoo. Nitaketi kwenye kiti cha dirishani, mchana, mwanga wote. Mtandio nimempa Teuntje, afunikie unga wake ukiumuka. Nina masharti. Usiseme pole. Usiniulize kama nimechoka. Usilie mbele yangu. Na ukichora, chora unachokiona, la sivyo nitajua, sasa nina kioo.

Karatasi yako sijaichoma. Inabaki kwangu kama ushahidi.

Mwandiko umechukua siku nzima. Njoo upesi.

Dieuwer


Haarlem, 25 Aprili 1642

Shangazi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Natumaini jicho halikusumbui na upepo wa bahari. Bwana Evert amekwisha kufunga makasha yake, nyumba nzima inatoa mwangwi, na watoto wanajificha ndani ya mapipa.

Kwanza nikwambie ambayo ulinikataza kuyasema siku zile. Uliketi dirishani jua likikupiga, ukanigeuzia uso wote, na mkono wangu ukakataa. Ukanikaripia, "Unachora au unasali?" Nikaanza. Kila nilipofika kwenye ule mdomo, mstari ulitaka kupanda wenyewe, umpandishie mtu wangu mdomo wake. Nikauacha uanguke. Wino ulikuwa mweupe bado, nikatamani kuukandamiza, nikaacha. Uliniuliza kama umetoka mbaya. Nikasema ndiyo. Ukacheka, na kicheko kilikaa upande mmoja tu, hasira ikabaki machoni, na hivyo ndivyo nilivyokudaka. Nililia kwenye mashua mpaka Amsterdam. Masharti yako yalihusu mbele yako tu.

Sasa Jumatano. Niliweka karatasi mezani. Wino umekwisha kuiva, mweusi kama inavyotakiwa, si zaidi. Mzee Govert akaufunika uso upande mmoja kwa kiganja, akatazama, akaufunika wa pili, akatazama. Kisha akaondoa mkono na kurudi nyuma hatua. Mmoja wao, mnene, akasema si adabu kumwonyesha mwanamke mgonjwa namna hii. Mzee Govert akaniuliza, "Aliketi kwa hiari yake?" Nikamjibu, "Alinigombeza nilipochora polepole." Akasema, "Anaonekana."

Akaniuliza tena ni nani huyu. Nikasema ni shangazi yangu, aliyenilea. Akanitazama sana usoni, akautazama wako, akasema hatufanani hata kidogo. Shangazi, sijawahi kusifiwa hivyo.

Wamenikubali. Jina langu limeandikwa. Nimepata chumba nyuma ya kanisa kubwa, cha chini, hakina ngazi, kina vitanda viwili vya ukutani na jiko zuri. Nakuomba uje tukae wote. Sikuombi kwa sababu unaumwa. Karakana ina mlango na mlango unataka mtu wa kuwagombeza wateja.

Kuna jambo moja limenikwaza. Karatasi inabaki kwa chama, ndiyo desturi, wameitundika kwenye ukumbi wao. Lakini vichwa vya namna hii, vya kuonyesha hisia tu, haviandikwi jina. Anayelipa achorwe huandikwa jina lake na la baba yake na nembo juu. Vichwa vyetu ni "mlevi", "mzee", "bibi anayelia". Chini ya uso wako wameandika "mwanamke mwenye hasira". Nilitaka kubisha, nikasema labda wewe mwenyewe utapenda iwe hivyo, watu wasijue. Sikuwa na ujasiri. Niambie.

Mimi binti yako,
Hillegond


Hoorn, 9 Mei 1642

Hillegond, marahaba. Marahaba mara mbili, ya pili ni ya mwanachama.

Habari zako nimezisoma kwa sauti dukani. Teuntje alipiga vigelegele mpaka paka akapanda rafu ya jibini. Mama yake Sijbrant alikuwepo, akasema eti chama cha wachoraji ni watu wa namna gani. Nikamwambia ni watu wenye macho.

Jana nilikwenda soko la samaki. Kwa miguu, kwa fimbo, uso wazi. Nimechukua muda wa kuchinja na kupika ng'ombe, lakini nimefika. Watu walinipisha kama mchungaji amepita. Klaas aliinamisha kichwa chini akajifanya anahesabu heringi. Nikamwambia, "Klaas, nitazame, heringi zako zimeoza." Akanitazama. Akasema, "Dieuwer, uso wako ndio umeoza." Halafu akashtuka kwa alichosema, akawa mwekundu. Mimi nikacheka mpaka nikashikilia meza, naye akacheka, na nikapata samaki watatu bora kuliko wote. Hilo neno watu wote walikuwa nalo mdomoni tangu Novemba, na mwenye ubavu wa kulitoa ni yule mpumbavu peke yake. Nimemsamehe.

Nitakuja kukaa nawe. Teuntje atashika duka, kwa sababu sufuria amekwisha kuichukua. Nitakuja kabla ya Pentekoste. Kitanda changu kiwe karibu na jiko, na wateja wako waambie wajiandae.

Kuhusu jina. Eti "mwanamke mwenye hasira". Wako wanawake wangapi wenye hasira Haarlem peke yake? Nimekaa dirishani kwenye jua kali, jicho likinichuruzika, ili nitazamwe mimi, si mwanamke tu. Nilijificha majira yote ya baridi na sasa wao wananificha tena, na mbele ya watu!

Nenda kawaambie waandike: Dieuwer Pieters, muuza jibini, wa Hoorn. Kwa herufi zinazoonekana kutoka mlangoni. Wakisema si desturi, waambie wanisubiri. Nakuja mwenyewe, na mkono wangu wa kushoto unajua kuandika.

Shangazi yako,
Dieuwer